Nestori wa Nduta, mtangazaji wetu wa kibanda umiza, na mwaka wa mabingwa ambao haukumaliziwa

Wakuu, salamu kutoka Kibondo. Huku mvua imeanza tangu asubuhi, wateja hakuna, kwa hiyo nimepata nafasi ya kuandika kitu ambacho kimenikaa kifuani muda mrefu.

Kilitokea kweli, na watu waliokuwepo siku ile bado tunapishana nao sokoni. Sina picha, kwa hiyo wale wa "weka picha" mnisamehe mapema. Ni kirefu kidogo, ila nitakata aya ziwe fupi.

Mimi ni mama wa chai. Nauza chai, maandazi na karanga za kuchemsha mlangoni pa kibanda umiza cha mzee mmoja tunayemwita Alhaji. Alhaji ana duka la vipuri vya baiskeli, asili ya baba yake ni Tanga, na mpira anaupenda kuliko biashara yake. Nyuma ya duka akajenga banda la mabati, akaweka projekta, spika mbili na mabenchi.

Jiko langu liko pale mlangoni, na upepo wa huku unavyovuma inabidi nikae nimeipa skrini mgongo, la sivyo moshi wote unaingia kwa wateja.

Kwa hiyo naomba mlielewe hili kwanza. Miaka yote niliyokaa pale, sijaona mechi hata moja kwa macho. Mpira nimeusikia tu.

Na niliyemsikia ni Nestori.

Nestori alikuwa Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nduta. Mtu wa makamo, mrefu, koti moja la kijivu jua liwake mvua inyeshe. Huko kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Kifaransa anakijua, na redio haikumtoka sikioni.

Ilivyoanza ni hivi. Wazee wa mashambani walikuwa wanakuja kwa Alhaji kuangalia mpira lakini hawafaidi. Kiswahili cha watangazaji wa kwenye dekoda kinakimbia mno, na Kiingereza ndiyo usiseme. Wanakaa wanatazama watu wanakimbia, halafu wanauliza, "Ubhu nani amefunga?" yaani sasa nani amefunga.

Siku moja Nestori akiwa amekuja mjini kununua dawa ya mbu, akaingia, akakaa na wale wazee, akaanza kuwaelezea kwa Kirundi. Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, mnaelewana bila shida. Kufika nusu ya pili benchi zima limemgeukia yeye, skrini imebaki peke yake.

Alhaji si mjinga. Akazima sauti ya dekoda, akampa maiki.

Kuanzia hapo kibanda kikapata jina. Watu walitoka mpaka vijiji vya Kasulu huko, wakapanda pikipiki kuja kumsikiliza. Aisee yule mtu alikuwa na maneno! Beki akipitwa anasema huyo ameachwa na basi na mzigo wake umo ndani. Golikipa akitoka vibaya anasema mama ametoka kuchota maji ameacha mlango wazi.

Na alikuwa anajipenda, tusidanganyane. Alipenda kusifiwa. Ukimwambia "Nestori leo umetisha" anajifanya hajasikia ili urudie.

Nilikuwa namtania, "Wewe Nestori, kijogoo cha kambini."

Anajibu, "Mama Furaha, jogoo asipowika ni kitoweo."

Sasa tuingie kwenye kiini cha uzi.

Huku kwetu na huko kwao kuna desturi ya zamani, mtu anasimama mbele ya watu anajivuga. Anataja sifa zake na za wazee wake na ng'ombe wake kwa mfululizo, haraka haraka bila kusoma popote, na watu wanaitikia. Siku hizi unaisikia kwenye harusi chache.

Nestori akaichukua desturi hiyo akaiingiza kwenye michezo.

Kila baada ya mechi kubwa alikuwa anasimama juu ya benchi na kuwavuga mabingwa wa dunia wa mwaka ule, kuanzia Januari mpaka siku hiyo, kwa mpangilio. Si mpira tu. Riadha, tenisi, baiskeli, ngumi, kriketi, kila alichokikusanya redioni. Kila bingwa akitajwa sisi tunaitikia "Ego!" yaani ndiyo, tumekubali.

Na sheria yake ilikuwa moja. Akikosea mpangilio, au akisahau mmoja, anarudi Januari. Hata kama alikuwa ameshafika Oktoba.

Wakuu, hilo jambo lilikuwa tamu kuliko mechi yenyewe. Wazee ambao hawajawahi kuona raketi ya tenisi walikuwa wanabishana nani alishinda Uingereza. Mwisho wa mwaka anavuga mwaka mzima kwa pumzi moja, na akimaliza tunambeba. Alisema mwaka ambao haujavugwa haujaisha, unabaki umesimama mlangoni.

Mwaka ninaousimulia ni ule wa kombe la dunia la Qatar.

Ulianza vizuri. Januari, binti wa Australia akachukua tenisi nyumbani kwao. Ego! Februari, Senegali wakawafunga Misri kwa penati, kombe lao la kwanza la Afrika. Siku hiyo mzee mmoja wa Kagerankanda alilia, na Senegali haijui iko upande gani.

Mwezi huohuo kulikuwa na michezo ya barafu kule China. Wanorwe ndio walibeba dhahabu nyingi kuliko wote. Wazee wakagoma. Wanauliza, kuteleza nako ni mchezo? Sisi huku tunateleza kila masika na hakuna anayetupa medali!

Nestori akawaeleza kwamba ni kama mvua ya mawe isiyoyeyuka, na mtu anashuka mlima juu yake na mbao miguuni. Wakafikiri, wakakubali. Wanorwe wakaingia.

Machi, Mueritrea mmoja akashinda mbio za baiskeli za siku moja kule Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kuzishinda. Alhaji akawa na kichwa kikubwa wiki nzima kwa sababu anauza minyororo ya baiskeli. Mei yule yule Mueritrea akashinda tena siku moja Italia, halafu akiwa jukwaani anafungua chupa ya kusherehekea, kizibo kikamruka jichoni, akaondoka mashindanoni.

Nestori alikaa na hiyo habari muda mrefu. Aliitangaza mara moja tu, hakuirudia. Nilimuuliza mbona stori nzuri vile haisemi. Akasema, "Mama Furaha, mtu kuumizwa na furaha yake mwenyewe si jambo la kuchekea."

Julai ilijaa mpaka ikafurika. Binti wa Tunisia akafika fainali ya tenisi Uingereza, akafungwa na binti wa Kazakhstan. Kwenye mpira, wanawake wa Afrika Kusini wakawafunga Moroko kwao Moroko, wakachukua kombe la Afrika. Kule Marekani kwenye riadha ya dunia, mbio za mita mia za wanawake Jamaika wakashika namba moja, mbili na tatu, na za wanaume Wamarekani wakafanya hivyohivyo. Maratoni zote mbili zikaenda Ethiopia. Mwisho wa mwezi wanawake wa Uingereza wakawafunga Wajerumani, kombe la Ulaya.

Na kwenye Jumuiya ya Madola, maratoni, Mganda wa kwanza, Mtanzania wa pili.

Hapo ubishi ukazuka. Sheria ni mabingwa tu, wa pili anaingiaje? Nestori akapanda benchi akasema anaingia. Akasema mgeni hawezi kulala kwa watu halafu akawanyima jina lao.

Tulipiga kelele mpaka bati zikatikisika.

Kuna kijana akamuuliza siku hiyo, "Na Burundi je? Mbona husemi bingwa wenu?"

Nestori akacheka. "Mwaka bado," akasema.

Sasa kwa wasiojua maisha ya huku. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Nestori kibali alikipata siku mojamoja. Siku nyingine zote alikuja hivyohivyo tu, anaondoka Nduta asubuhi kwa miguu, anapita njia ya panya katikati ya mihogo, anaingia mjini kwa nyuma kupitia uwanja wa shule.

Nani alikuwa hajui? Mji mzima ulijua. Naamini hata wanaohusika baadhi walijua, maana na wao walikuwa wanakunywa chai yangu huku wanamsikiliza.

Lakini huku kwetu jambo linaweza kujulikana na kila mtu na bado lisiwe jambo, mradi hakuna aliyelitamka. Mnalizunguka tu kama mnavyozunguka kisiki shambani. Mkulima wa huku hahitaji kufundishwa hilo.

Kombe la dunia likaanza. Wakuu, nadhani Kibondo haijawahi kuwa na mwezi kama ule.

Saudia wakawafunga Argentina, Nestori akasema tembo amejikwaa kwenye siafu. Kameruni wakawafunga Brazili na bado wakarudi nyumbani. Halafu Moroko. Moroko wakafika nusu fainali, Waafrika wa kwanza kufika pale, na wakati wanaitoa Ureno mimi mwenyewe niliungua mkono kwa kushangilia na sufuria mkononi. Wafaransa wakatukatia safari. Wazee waliondoka bila kuaga.

Fainali ikawa Argentina na Ufaransa, Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Na Nestori akasema siku hiyo hiyo, mechi ikiisha, atavuga mwaka mzima. Hatasubiri tarehe thelathini na moja. Baada ya kombe la dunia hakuna cha kuongeza.

Alhaji alifurahi kupita kiasi. Mimi nilikuwepo anapopanga. Akasema, "Bibie, huyu bwana ametupa heshima miaka yote hii, na sisi tumemfanyia nini? Wallahi safari hii nataka kila mtu ajue jina lake."

Akamtafuta dereva wa bodaboda mmoja anaitwa Sadiki, akamfungia spika nyuma ya pikipiki na betri ya gari. Jumamosi nzima Sadiki alizunguka mjini. Jumapili asubuhi akaenda mpaka barabara kubwa na vijiji vya huko.

Tangazo lilikuwa hivi, bado nalisikia:

"Leo, leo, leo kwa Alhaji! Fainali ya dunia! Na baada ya mechi, mfalme wa maneno, Nestori wa Nduta, atawavuga mabingwa wote wa mwaka bila kusoma popote! Nestori wa Nduta! Njoo na mwenzio!"

Nilikuwa nakanda unga. Nilisikia, nikatabasamu. Niseme ukweli, nilijisikia fahari. Wote tulijisikia fahari. Hakuna hata mmoja, si mimi, si Alhaji, si Sadiki, aliyesikia kwamba kile ambacho mji mzima ulikizunguka sasa kinapigwa kwa spika barabarani.

Haya yanayofuata nimeyapata kwa Sadiki mwenyewe, na alinisimulia huku anafuta macho.

Anasema alikuwa barabarani, karibu na yale mashamba ya mihogo, anaenda taratibu huku tangazo linalia. Akamwona mtu anatoka shambani. Nestori. Koti lake la kijivu, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya matope.

Siku zote hapo huwa hatokei. Huwa anakatiza ndani kwa ndani mpaka mjini. Lakini alisikia jina lake.

Sadiki anasema alipanda mpaka kwenye lami, akavaa viatu vyake, akasimama wima pembeni ya barabara anasikiliza. Tangazo likaisha, likaanza tena. Akanyoosha mkono akapunga kama kiongozi. Watu waliokuwa wanapita na baiskeli wakampungia.

Akamwambia Sadiki, "Rudia, mwanangu. Ile sehemu ya mfalme."

Sadiki akarudia.

Nyuma ya pikipiki gari lilikuwa limesimama. Sitaki kusema ni la nani, na niwe mkweli, hawakumfanyia ubaya wowote. Walishuka kwa adabu, wakamsalimia. Mmoja akamuuliza, "Wewe ndiye Nestori wa Nduta?"

Na yule mtu, jamani, akafikiri ni mshabiki.

Akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Wakamwomba kibali. Hakuwa nacho. Wakampandisha garini kumrudisha kambini, na Sadiki akabaki barabarani na spika imewaka.

Alhaji alipoletewa habari alikaa kwenye gunia la minyororo akasema "Lahaula" mara moja tu. Nilitaka kumfokea, mnaujua mdomo wangu. Nikamwangalia nikashindwa.

Watu walijaa siku ile kuliko siku yoyote. Mvua inanyesha, wengine wamesimama nje chini ya mwavuli. Alhaji akawaambia mgeni wetu amepata dharura. Akawasha sauti ya dekoda.

Wakuu, nyie mnaosema ile ndiyo fainali bora kuwahi kuchezwa, nawaamini. Mimi nilisikia kelele tu. Mtu anapayuka kwa Kiswahili cha haraka, vijana wanaruka, mara kimya, mara wanaruka tena. Sikuelewa nani anaongoza. Mgongo wangu kwa mara ya kwanza ulijua kwamba haujawahi kuona mpira.

Kijana mmoja akajaribu kushika maiki. "Anapiga, anapiga, ameingia, limeingia!" Mzee wa Kagerankanda akasema, "Mtoeni huyo."

Argentina wakashinda kwa penati. Vijana wakatoka mbio kwenye mvua wakiimba. Wazee wakabaki wamekaa.

Sikuelewa kwanza. Mechi imeisha, skrini imezimwa, wao wamekaa mikono magotini. Halafu nikaelewa kwamba wanasubiri mwaka uvugwe.

Yule mzee wa Kagerankanda akasimama taratibu. Akasema, "Januari. Binti wa Australia."

"Ego," wakaitikia.

"Februari. Senegali."

"Ego."

Mwingine akasema Wanorwe. Mwingine Mueritrea wa baiskeli. Kila mtu anachangia kipande chake, na mimi hapo nimeacha jiko nimesimama mlangoni. Nikasema haya, tunaweza. Mwaka tutaumaliza.

Tukafika Julai.

Mmoja akasema Jamaika. Mwingine akasema hapana, kwanza Afrika Kusini. Mwingine akasema mbona binti wa Kazakhstan mmemruka. Mimi nikapiga kelele kutoka mlangoni kwamba Uingereza ni mwisho wa mwezi, wakaniambia na Mtanzania yuko wapi. Ikawa vurugu, si ya ugomvi, vurugu ya watu waliopotea.

Mzee akasema, "Tumekosea. Turudi Januari."

Hakuna aliyerudi Januari. Mmoja akachukua baiskeli yake, na mwingine akamfuata. Maandazi yangu yalibaki karai zima.

Alhaji hakukata tamaa. Alipata namba ya simu ya mtu wa kambini anayekaa karibu na Nestori. Wakapanga tarehe thelathini na moja, mchana, atavuga kwa simu. Alhaji ataweka simu kwenye maiki, sisi tutaitikia.

Watu walikuja tena. Wachache kuliko mara ya kwanza, lakini walikuja.

Simu ikapokelewa. Sauti yake ikatoka kwenye spika, nyembamba, inakwaruza. "Mwakeye," akatusalimia kwa Kiha chetu. Tukaitikia kwa nguvu mpaka Alhaji akaniambia bibie punguza.

Akaanza. "Januari! Binti wa Australia!"

Tukasema "Ego!"

Kimya. Mnajua mtandao wa huku mpakani. "Ego" yetu ikasafiri ikafika kwake wakati ameshaanza Senegali. Ikamkata. Akasimama. Akaanza upya, Januari.

Tukaitikia tena. Ikachelewa tena. Akasubiri, na sisi tukafikiri simu imekatika, wengine wakaita "Nestori! Nestori!" na hizo nazo zikachelewa zikamwangukia katikati ya neno.

Alijaribu mara ya tatu. Alifika Machi.

Halafu akasema, taratibu, si kwa sauti ya kuvuga, "Siwasikii mnavyoitikia."

Alhaji akashika simu kwa mikono miwili. "Tupo, bwana. Tumejaa humu. Sema tu, sisi tunakusikia."

"Nyie mnanisikia, Mzee. Mimi siwasikii. Mtu hajivugi peke yake, anaonekana kichaa." Akaongeza, "Mzee, lile tangazo. Lilikuwa zuri sana. Murakoze, asanteni."

Alhaji ndiyo akalia hapo, mbele za watu.

Baada ya ile Jumapili Nestori hakutoka tena kambini. Kibali aliomba, hakupata, na njia ya panya akaogopa kuipita kwa sababu jina lake sasa lilishajulikana. Nilipompigia nikamwambia vumilia, mambo yatapoa. Akasema, "Nivumilie nini, Mama Furaha? Mle ndani mimi ni namba ya mgao wa chakula. Kwa Alhaji ndipo nilikuwa mtu."

Mwezi Januari akajiandikisha kurudi kwao. Hakuna aliyemlazimisha. Watu wengi walikuwa wanarudi, wengine kwa furaha kabisa, sitaki uzi huu uonekane wa siasa. Yeye alirudi kwa sababu huku hapakuwa na kilichobaki.

Sikumuaga. Nilisikia baadaye kwamba aliondoka na msafara mmoja wa wanaorudi.

Alhaji bado anaonyesha mechi. Sauti ya dekoda inawaka mpaka mwisho, na wazee wameacha kuja. Vijana wanakuja na mikeka yao ya kubeti, wanaangalia simu kuliko skrini. Sadiki aliuza ile spika.

Nilikuwa na namba ya Burundi ya Nestori, nilipewa na yule jirani yake wa kambini. Kila nikitaka kupiga naona aibu, nitasema nini.

Ukapita mwaka mzima. Mwaka uliofuata, Februari, Ivory Coast wakachukua kombe la Afrika kwao. Nyie mnakumbuka ilivyokuwa. Walipigwa nne kwenye makundi, kocha akafukuzwa, wakapenya kwa bahati, mwisho wakabeba kombe mbele ya Nigeria. Hata mimi nisiyeona skrini niliisikia stori ile nikasema hii ni ya Nestori. Hii angeivuga mpaka kesho.

Nikaweka salio, nikapiga asubuhi yake.

Akapokea. Alinitambua haraka, akafurahi, akauliza watoto, akauliza Alhaji. Sauti ilikuwa safi safari hii, kama yuko sokoni hapa.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwa Kiha, kwa sauti ya kuvuga kabisa, jinsi yeye alivyokuwa anafanya, "Februari! Ivory Coast wamechukua!"

Nikasubiri aitikie.

Akauliza, "Wamechukua nini, Mama Furaha?"

Wakuu, yule mtu aliyekuwa anajua nani ameteleza vizuri kwenye barafu ya China.

Nikamweleza. Makundi, kocha, fainali, yote. Alinisikiliza kwa heshima kama unavyomsikiliza mgeni anayekuhadithia ukoo usiokuhusu. Nilipomaliza akasema, "Vizuri. Hongera kwao." Akaniuliza kama huku mvua imenyesha. Akasema redio aliiuza, shamba ni kubwa na mikono ni yake peke yake, na jioni anachoka.

Sijampigia tena.

Nilichojifunza nakisema wazi. Tulimpenda yule mtu, tena sana, na mapenzi yetu ndiyo yaliyomtoa kwenye mihogo yakamsimamisha barabarani. Alhaji hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini kuna watu ambao heshima yao ni kunyamaziwa. Unamsogezea benchi, unampa maiki, unampa chai ya bure, na mdomo unaufunga.

Haya, mimi nimemaliza, ngoja nikaangalie mkaa wangu. Semeni na nyie, mkinilaumu pia sawa. Mwenye ushauri wa nini nimwambie Nestori nikimpigia tena, nausubiri.

Ila kama na wewe una mtu wa namna hii hapo mtaani kwako, mnayemzunguka kimya kimya, tafadhali usimtaje jina humu.